Tupeane uzoefu: nini hasa kilikufanya umpigie mgombea kura, sera au alikotoka?

Wakuu habari za jioni. Naomba leo tuambiane ukweli. Kila uchaguzi tunahimizwa tusome ilani, tusikilize sera, ila ukikaa na watu kijiweni unasikia mengine kabisa: huyu mtoto wa nyumbani, yule msomi, yule anaringa hata salamu haitikii, yule wa kuja.

Uchaguzi wa rais 2015 nyumbani kwetu baba na baba mdogo, wote CCM toka enzi, waligawanyika. Baba alikuwa na Magufuli, anasema huyu waziri wa ujenzi anataja barabara kwa kilomita bila kuangalia karatasi, halafu siku alipopiga pushapu jukwaani mzee akasema basi, huyo ana afya ya kazi. Baba mdogo akamfuata Lowassa alipohamia Chadema, kisa shule za kata alizozisimamia akiwa waziri mkuu, wanawe wawili walisoma sekondari ya kata na hilo hakulisahau. Hakuna hata mmoja aliyetaja ilani, na sio wao tu. Magufuli alipata asilimia 58.46, Lowassa 39.97, na mimi naamini kura nyingi katika hizo zilipigwa kwa staili hiyo hiyo ya wazee wangu.

Msimamo wangu ni kwamba alikotoka mtu ni sababu halali kabisa ya kumchagua au kumkataa. Ahadi kila mtu anatoa, lakini aliyoyafanya kabla hajaomba kura hawezi kuyafuta. Shida inakuja pale tunapoangalia kabila au sura tukaishia hapo. Haya leteni ya kwenu, yale uliyoyaona mwenyewe, matusi ya vyama tuyaache nje.

Mdau wa Mbeya: Mkuu umenikumbusha 2010, Sugu, yule mwanamuziki wa rap, anagombea ubunge Mbeya Mjini. Wazee wanatuambia nyie vijana mnatuletea msanii, muhuni, atasema nini bungeni mbele ya wasomi. Sisi tulikuwa tunamjua toka kaseti za miaka ya 90, anaongea kama sisi, anajua Mwanjelwa, na yale mashairi yake ya maisha magumu tulikuwa tunayaimba kabla hata hajafikiria siasa, kwahiyo alipopanda jukwaani hakuwa na haja ya kujitambulisha. Tulimpa, 2015 tukampa tena. Na Katiba yenyewe haidai digrii, inasema awe na miaka 21, awe wa chama na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, wanaotaka cheti hapo wanaongeza masharti yao wenyewe. 2020 ndio akashindana na Tulia Ackson, daktari wa sheria, wakati huo naibu spika, pale sasa mjadala mtaani ukawa msomi dhidi ya mtu wa watu, nyumba yetu ilikuwa haikaliki. Tulia akatangazwa mshindi, upinzani waliyakataa matokeo ya mwaka ule ila mjadala wa sifa ulikuwepo kweli.

Mama wa Lindi: Mie naandika kidogo kidogo simu inazima chaji. Mwanangu wa pili ana ualbino. Miaka ile ya 2008, 2009 redio kila siku habari za mauaji kule kanda ya ziwa, nilikuwa simwachi aende hata dukani peke yake, shule nampeleka na kumrudisha mwenyewe. 2010 CUF wakamsimamisha Salum Barwany Lindi Mjini, naye ana ualbino. Nilisikia kwa masikio yangu watu wanaulizana ataona makaratasi vipi, wengine wanayasema mabaya zaidi siyaandiki. Nilimpigia kwa sababu hiyo hiyo wanayomkatalia, sioni aibu kusema, nilitaka mwanangu aone mtu mwenye ngozi kama yake anaitwa mheshimiwa. Akashinda, mbunge wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni nchi hii! Siku ya pili mtoto alitoka na kofia yake ya pama akazunguka mtaa mzima na wenzake, na mimi nikamwacha. 2015 Barwany hakurudi, mtaani kwetu walikuwa wanambana kwa maji na barabara kama wanavyombana mbunge mwingine yeyote.

Mleta mada: Mama asante sana. Hapo wanaosema sifa za mtu zisiangaliwe kabisa sijui watakujibu nini.

Wa Kwale: Huku kwetu Pwani ya Kenya hesabu ya kwanza ni kabila, Mdigo au Mduruma, ya pili ni chama, mwanamke alikuwa hayumo kwenye hesabu. 2022 Fatuma Achani kasimama ugavana, barazani wazee wanasema kaunti haiongozwi na mke wa mtu. Kilichomsaidia kwa nilivyoona mimi ni kwamba hakuwa mgeni, ni wakili na alikuwa naibu wa gavana Mvurya tangu 2013, akija kwenye mkutano anajibu mambo ya basari na zahanati mwenyewe bila kumgeukia mtu. Mamangu ambaye hajawahi kukosa kupiga kura tangu ujana wake aliniambia huyu keshafanya kazi, wengine wanaomba kufundishwa. Kenya nzima 2013 hakukuwa na gavana mwanamke hata mmoja, 2017 watatu, 2022 saba.

Boda wa Maua: Igembe Kusini hapa. 2017 tulimchagua John Paul Mwirigi awe mbunge, miaka 23, mwanafunzi, hana chama, hana gari. Alikuwa anatembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, sisi wa boda tukawa tunambeba. Umaskini wake ndio uliokuwa kampeni, tulijua huyu hatatusahau kwa sababu hana mahali pengine pa kurudi. Alipata zaidi ya kura elfu 18 akawaacha wakubwa wenye pesa zao. Lakini pia niseme, baada ya hapo kila mwanasiasa akataka kuwa na hadithi ya umaskini. 2022 Ruto na kuuza kuku kando ya barabara, wilbaro, alama ya chama chake, kila kona, akashinda urais kwa 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Vijana wengi ninaowajua walimpigia kwa hiyo hadithi, na Juni 2024 ni wao hao walikuwa barabarani kupinga mswada wa fedha. Kwahiyo mleta mada, kuzaliwa maskini hakutoshi, uliza alipopata alifanya nini.

Mwalimu wa kata: Mi nilete ya udiwani maana huko ndiko tunapojuana. Kwetu aligombea nesi mstaafu, mama wa kuja, ameishi kijijini miaka mingi lakini wazee hawakumtaka, wanasema hana hata kaburi la mzazi hapa. Mpinzani wake mfanyabiashara, mwenyeji, ukoo mkubwa, anatoa turubai kwa kila msiba. Siku ya kura nilikuwa kwenye foleni asubuhi, mbele yangu kinamama watupu, mmoja anahesabu kwa vidole watoto wake waliopokelewa na yule nesi, mwenzake anasema wangu alizaliwa usiku wa mvua, alikuja na tochi na gambuti. Jioni matokeo yakabandikwa ukutani, nesi kapita, na wale wa ukoo mkubwa wanatazamana kwa sababu wake zao ndio walikuwa kwenye ile foleni.

Mleta mada: Mwalimu, na yule wa turubai aligombea tena? Wa Zanzibar na Kigoma nawasubiri pia, sijawasikia bado.