Nyumba ya Kulwa na mabeseni ya shangazi

Kikundi: UKOO WA BIBI KABULA 🐟

Jumamosi

Kulwa 21:48
Jmn shikamooni wakubwa. Huku Kitangiri Mwanza mvua imeshuka toka ziwani kama imetumwa na nyumba inavuja. Sio kuvuja kidogo. Kitandani kwetu kuna sufuria tatu

Doto Dar 21:49
😂😂😂 pole mwenye nyumba

Rehema wa Kulwa 21:50
Shem usicheke nimembeba mtoto nimesimama koridoni ndo pakavu pekee

Shangazi Leti 21:52
Poleni wanangu. Ni hyohyo mlohamia juzi? Mbona tulivyokuja kwenye maombi ilikuwa inang'aa

Kulwa 21:54
Hyohyo shangazi. Tulinunua mwezi wa 8 jua kali, muuzaji alikuwa kapiga rangi mpya chumba hadi chumba. Sasa angalieni ukuta wa nyuma rangi imevimba kama maandazi
[Picha]

Pendo 21:55
Kaka huo ukuta una swichi?

Kulwa 21:55
Ya taa ya jikoni. Tena inanguruma kwa mbali, Rehema kaigusa sahizi anasema imemtekenya

Pendo 21:55
ZIMA MENI SWICHI SASA HIVI

Pendo 21:56
Na mkono uwe mkavu, vaa ndala. Ikikutekenya leo kesho inakushika

Doto Dar 21:57
Pendo nawe usitishe watu usiku

Pendo 21:58
Sitishi mtu we uko Dar. Ukuta mbichi unapitisha umeme, na nyumba za zamani nyingi hazina erthi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, umeme ukivuja hauna pa kwenda unamsubiri mtu

Kulwa 22:01
Nimezima. Tuko giza, simu ina 14%

Shangazi Leti 22:03
Kesho kabla ya ibada ntapitisha mabeseni yangu ya dagaa yale makubwa matatu, hizo sufuria mtaziharibu

Rehema wa Kulwa 22:04
Asante shangazi 🙏 yameoshwa lakini eeh

Shangazi Leti 22:06
Yameoshwa. Harufu ndo haioshwi mwanangu ile ni ya soko la samaki Mwaloni

Jumapili

Anko Masanja 06:31
Mwangaluka ng'ombe zangu. Nimesoma yote ya jana nilikuwa nimelala mapema. Kulwa mjomba wangu nisikilize usikimbilie fundi, mtu akiwa na hofu ndo anapigwa bei. Kwanza niambie huo ukuta maji yameanzia juu au chini maana hayo ni maji mawili tofauti, doa likiteremka toka kwenye siling hilo ni bati, likipanda toka sakafuni mpaka usawa wa goti hilo ni la ardhini na ukibadilisha bati zote za nyumba bado ukuta utalowa vilevile

Kulwa 06:40
Shikamoo anko. Chumbani linashuka toka juu. Ukuta wa nyuma sasa nikiangalia vizuri liko chini, kama goti hivi, na kuna unga mweupe

Anko Masanja 06:42
Marahaba. Hiyo ni chumvi. Ukuta unakunywa

Doto Dar 08:15
Mi nashauri fumua paa lote weka zile bati za rangi mpya, ukishaweka paa jipya umemaliza mambo yote mara moja

Kulwa 08:20
Kuna fundi kaletwa na jirani asubuhi hii, kapiga hesabu kaangalia dk tano kasema milioni 6.8 paa lote na kupiga plasta upya ukuta wa nyuma. Sina hiyo hela. Hela ya kununua nyumba ndo ilikuwa hela yote

Shangazi Leti 08:22
Dakika tano milioni 6.8!! Mi nauza dagaa miaka 20 sijawahi pata dakika kama hizo

Anko Masanja 08:25
Huyo hata hajapanda juu. Plasta mpya juu ya ukuta unaokunywa ni mwaka mmoja inadondoka. Hata hiyo rangi uliyoikuta Kulwa muuzaji alijua kabisa alichokuwa anakificha

Rehema wa Kulwa 08:31
Na mi nilimwambia Kulwa mbona wamepaka mpaka stoo. Nani anapaka rangi stoo

Kulwa 08:32
Rehema 🙏

Rehema wa Kulwa 08:33
Nasema tu

Ma mdogo Tabu Sengerema 09:10
Poleni jamani ndo nimetoka shamba. Na ile ya luku hamjawaambia watu?

Doto Dar 09:11
Ipi tena 👀

Kulwa 09:14
Siku ya kwanza kuhamia nimenunua umeme wa 20,000 nikapata uniti za kuchemshia chai. Nyumba ilikaa mwaka mzima bila mtu, kodi ya jengo ile ya 1,500 kwa mwezi ilikuwa inajikusanya kwenye mita. 18,000 imekatwa yote kwa mkupuo

Doto Dar 09:15
😂😂😂😂 nakufa

Anko Masanja 09:17
Hiyo ndogo, ila ukinunua nyumba uliza na bili ya maji na pango la ardhi, hayo nayo yanakaa kimya hivyohivyo. Haya sasa Kulwa kazi ya leo usiku haina gharama. Saa nne funga koki zote ndani na nje, na ile inayojaza simtanki usiisahau maana ukiiacha utapata jibu la uongo. Piga picha mita ya maji. Asubuhi kabla mtu hajanawa hata uso piga nyingine. Ikitembea ujue kuna bomba linamwaga chini kwa chini

Doto Dar 09:20
Anko hiyo ya nini wakati tunaongelea mvua

Anko Masanja 09:21
Mvua ilianza jana. Chumvi haioti kwa siku moja

Jumatatu

Kulwa 06:04
[Picha] [Picha]
Jana saa nne 1184.362
Leo asubuhi 1184.671

Pendo 06:10
Lita 309!! Uniti moja ya maji ni lita elfu, kwa hiyo hizo tarakimu tatu za mwisho ndo lita

Rehema wa Kulwa 06:12
Na hakuna aliyenawa. Mpaka mtoto nimemzuia

Shangazi Leti 06:15
Yani mnalipia maji ya kunywesha ukuta

Anko Masanja 06:30
Nilijua. Nyumba ya 1979 hiyo bomba zake ni za chuma, zinaliwa na kutu toka ndani mpaka zinabaki kama chujio. Sasa msije mkabomoa sakafu ya jiko kulitafuta tundu, utaziba hapa kesho linatoboka pale. Liacheni lilale humohumo. Unalikata pale nje linapoingilia, unaliziba, unapitisha bomba mpya za plastiki, PPR, ukutani kwa nje, fundi mwenye pasi yake ya kuchomea anamaliza siku moja na nusu. Nakuja kesho na daladala ya kwanza toka Igoma tuonane

Doto Dar 07:45
Mi ntatuma kitu kidogo leo jioni kuchangia

Jumanne

Ma mdogo Tabu Sengerema 07:20
Na mi niko njiani nimebeba viazi vikavu, michembe na matobolwa, ya mafundi. Tumekatiza daraja la Busisi sasa hivi, zamani saa hizi ningekuwa nimekaa Busisi nasubiri feri

Kulwa 10:35
Anko yuko juu ya bati. Na miaka yake 67. Tumemkataza hasikii

Rehema wa Kulwa 10:36
[Video]
Anaimba

Kulwa 11:50
Haya ripoti ya juu. Bati nyingi bado nzima, zilizokufa ni sita tu kwenye kofia ya paa. Misumari imeachia, zile kofia zake za mpira zimekauka zimekatika ndo maji yanapita. Mbaya ni mchwa, kenchi mbili zimeliwa, anko kaingiza bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Zinatolewa zinawekwa mbao mpya zilizopakwa dawa, bati sita, misumari yote inabadilishwa. Hamna cha kufumua paa

Shangazi Leti 11:58
Na yule wa 6.8 yuko wapi

Kulwa 11:59
Kapita hapa kaona anko juu kageuza pikipiki

Pendo 12:02
Ile swichi nimeifungua, ndani kijani tupu. Na kama nilivyosema erthi hamna, kuna waya unatoka nje unaishia hewani fito yenyewe imeshaliwa na kutu. Naweka fito mpya kule chini bustanini kwenye udongo wenye unyevu, hapa juu ni jiwe tupu haingii hata nusu. Na naweka ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampi 30. Umeme wa jikoni usiwashwe mpaka ukuta ukauke. Mi sichukui hela kaka ila vifaa ununue original, usiniletee vya mnadani

Kulwa 12:40
Jingine, kuna vijana wawili wa mtaani wanasema lile banda la uani watalivunja kwa 40,000 yale mabati ya kijivu mazito wayaondoe, nawaruhusu?

Anko Masanja 12:41
HAPANA

Anko Masanja 12:41
Niko nyuma ya nyumba nakuja waambie wasiguse

Ma mdogo Tabu Sengerema 12:44
Katoka mbio nyundo mkononi vijana wamekimbia wamedhani ni mwizi 😂

Anko Masanja 13:20
Naandika humu ili kila mtu asome maana hata Leti banda lake la Kirumba lina yaleyale. Zile sio bati za chuma ni asbesto, simenti iliyochanganywa na nyuzi. Ikikaa juu imetulia haina neno, ukiivunja au kuikata kwa msumeno inatoa vumbi huoni kwa macho na likishaingia kwenye mapafu halitoki, linaleta maradhi ya mapafu na kansa baada ya miaka mingi umeshasahau ulilipata wapi. Haivunjwi kwa nyundo, haitobolewi, haichomwi. Kulwa nenda ofisi ya mazingira manispaa ya Ilemela waulize utaratibu wa kuitoa na kuitupa. Mpaka hapo mtoto asicheze kwenye hilo banda

Shangazi Leti 13:31
Mungu wangu na mi kuku wangu wanalala chini yake

Jumatano

Kulwa 09:05
Bomba limekatwa. Mita imesimama kabisa, nimeiangalia nusu saa kama mpira

Anko Masanja 09:30
Bado maji ya tatu. Kaeni mfikirie, nyumba iko chini ya mlima wa mawe, jiwe halinywi maji, kila tone linaloanguka kule juu linateremka na likifika kwako linakutana na ukuta wa nyuma. Sasa aliyejenga 1979 hakuwa mjinga, kaweka nyumba hapa miaka yote isianguke, lazima alikuwa na mtaro. Mi nauliza mtaro uko wapi

Kulwa 09:33
Hamna mtaro anko. Nyuma ni uwanja tambarare ndo nilipopapendea, nilitaka nipaki gari

Rehema wa Kulwa 09:34
Gari lipi

Doto Dar 09:35
😂😂😂😂😂

Anko Masanja 09:36
Lete jembe na sururu. Na vijana wasije wakanichomea moto jiwe kama wale wapasua kokoto, karibu na ukuta hivi joto litapasua msingi

Ma mdogo Tabu Sengerema 11:48
JAMANI

Ma mdogo Tabu Sengerema 11:48
[Picha]

Kulwa 11:52
Upo. Futi mbili chini ya udongo. Umejengwa kwa mawe yaliyochongwa, umezunguka nyumba nyuma yote mpaka kwenye mfereji wa barabara, hauna hata ufa. Bibi wa nyumba ya juu katoka kuchungulia akasema "mmeufufua", eti miaka kadhaa nyuma walimwaga tripu za kifusi wasawazishe wapate pa kuegesha pikapu

Shangazi Leti 11:55
Wakaufukia wakapaka rangi wakauza

Anko Masanja 12:10
Nimekaa hapa kwenye ukingo wa mtaro nauangalia tu. Huyo mzee fundi wake alikuwa fundi. Kapiga mwinamo mzuri bila mashine

Kulwa 12:14
Anko machozi yanamlengalenga kwa ajili ya mtaro

Anko Masanja 12:15
Ni vumbi

Kulwa 19:30
Hesabu mpaka sasa, sitaki kumficha mtu. Bati sita, mbao, misumari na dawa ya mchwa 418,000. PPR na fundi bomba 265,000. Vifaa vya Pendo 190,000. Vijana wanne kufukua mtaro siku mbili, leo na kesho, 120,000. Jumla 993,000. Plasta na rangi anko kasema tusiguse miezi miwili ukuta upumue kwanza. Mchango nimepokea wa anko 150,000, shangazi 50,000, ma mdogo 40,000 na gunia la michembe. Wabeja sana 🙏 iliyobaki tumekopa kikoba cha Rehema

Shangazi Leti 19:34
Doto?

Doto Dar
Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Leti 19:41
Nimeusoma kabla hujafuta. Mtandao haukusumbui kutuma vikatuni

Doto Dar 19:58
Nimetuma 100,000 angalieni

Kulwa 19:59
Imeingia. Asante pacha

Ijumaa

Kulwa 20:17
Inakuja. Upepo umeshaanza, ziwa halionekani

Anko Masanja 20:18
Toka nje uangalie mtaro, ya ndani mwachie Rehema

Kulwa 20:41
[Video]
Sikilizeni huo mlio

Anko Masanja 20:42
Eeeh. Unaona kwenye kona hautulii unapita tu. Eeeh

Pendo 20:44
Umeme?

Rehema wa Kulwa 20:45
Upo, jikoni bado tumezima kama ulivyosema. Chumbani pakavu. Sebuleni kuna tone moja pale karibu na dirisha, moja tu linadondoka taratibu

Anko Masanja 20:46
Hilo kesho nakuja nalo

Rehema wa Kulwa 20:46
Anko usipande wewe

Shangazi Leti 20:50
Basi kama ni tone moja naomba mabeseni yangu mawili yarudi kesho asubuhi, dagaa wanaingia

Rehema wa Kulwa 20:52
Yarudi hata sasa hivi shangazi, nyumba nzima inanuka mwalo. Paka wa jirani wamehamia hapa