Kamati ya Harusi: Thetis, mungu wa bahari, na Peleus, binadamu (kundi la miungu ya Wagiriki wa kale)

Hera: Wapendwa, sherehe ni mlima Pelion, kwa Kheiron, yule nusu mtu nusu farasi. Nani analeta nini? Naona mnasoma na kunyamaza.

Hera: Apollo kinubi, nimeshakuandika. Kaka Poseidon?

Poseidon: Farasi wawili, Xanthos na Balios. Hawafi.

Hermes: Bwana harusi atakufa, farasi watabaki 😂

Hera: Hermes, tuko kwenye mambo ya maana. Viti! Mabinti wa Nereus, yaani Thetis na dada zake, peke yao ni 50.

Hermes: Mama, mimi namwonea huruma Peleus. Alipomshika Thetis, binti akageuka mara moto, mara maji, mara simba, mara nyoka, na hakuachia. Sasa mahari gani tena mnamdai?

Dionysos: 😂😂 mvinyo ni juu yangu

Demeter: Nimefurahi kuona siku hizi binadamu anaoa kwetu na anapigiwa kinubi. Iasion wangu kule Krete alipigiwa nini?

Demeter: Kaka Zeus, nakuuliza wewe.

Hera: Dada, tafadhali, hili ni kundi la harusi.

Demeter: Radi! Mtu nilimpenda mwenyewe, shambani, sikumlazimisha. Yeye huyo Zeus akigeuka fahali akambeba Europa, hakuna anayeuliza.

Dionysos: Shangazi umenikumbusha mama. Semele aliungua kwa radi hiyohiyo. Na yule yaya wa bandia aliyempa ushauri amwombe Zeus ajionyeshe alivyo, tunamjua ni nani.

Hera: Viti jamani.

Ares: Mama, mbona Eris simwoni humu?

Hera: Nimemtoa, yeye ndiye mungu wa ugomvi. Harusi hii nataka iishe salama.

Ares: Dada yangu atasikia tu.

Eos: Poleni, nimechelewa, mungu wa alfajiri naamka mapema nalala mapema. Mwanangu Thetis, ukimwombea mume asife, omba na ujana. Mimi kwa Tithonos nilisahau. Sasa amebaki sauti tu, nimemfungia chumbani milango yote.

Hermes: Hata kicheko kimeniishia.

Thetis: Mimi nani ameniuliza?

Hera: Mwanangu, nimekulea kwa mikono yangu. Nimekuchagulia mtu ambaye miungu yote inampenda.

Thetis: Atazeeka, mama. Na nitakayemzaa atakufa.

Themis: Nilisema mtoto wa Thetis atamzidi baba yake. Zeus na Poseidon walikuwa wakigombania binti huyu. Siku ileile wote wawili wakaacha, akatafutiwa binadamu. Nani alimpenda hapo, sikumwona.

Hera: Shikamoo shangazi.

Hera: Sawa. Basi mengine tutaongea ana kwa ana. Baba Ares, sema neno.

Zeus: 👍

Demeter: Hiyo ni ya nini?

Hera: Hermes, kadi ya Kheiron upeleke leo.

Hermes: Naenda. Ya Eris sigusi.

Ares: Akiniuliza nimwambie nini?

Poseidon: Huko Pelion majani yapo? Farasi hawa wanakula sana.