Naombeni ushauri: msanifu majengo nimmalizie pesa yake au niendelee na fundi tu?

MwanaFuoni: Assalam aleikum wanajamvi. Mie najenga Fuoni, hapa Unguja, ghorofa moja tu, si jumba la sultani. Msanifu kanichorea ramani nikamlipa nusu, sasa anataka nusu ya pili ndo awe anakuja saiti kuangalia kazi. Fundi wangu anasema yule kazi yake ishakwisha, kuja saiti ni kula pesa tu. Kwani hawa wasanifu wanafanya nini hasa ukitoa kuchora picha za nyumba zenye gari nyeusi mbele? Usiku silali, naombeni ushauri maana Jumamosi kuna kazi.

KibarazaMalindi: Waaleikum salaam. Mlipe mtu haki yake kabla jasho halijakauka. Uzi ufungwe.

BiMkubwaWete: Mwanangu mie nyumba yangu nilijenga bila ramani, fundi kachora kwa kijiti mchangani nami nikaona ndo akili. Choo kakiweka upande wa kusi. Ulipoingia upepo wa kusi, mwezi wa sita, wageni wamekaa ukumbini tunakunywa kahawa na halua kumbe tunanusishwa choo. Nikatia pazia, nikafukiza udi mpaka kopo likaisha, wapi! Hapo ndo nikajua hata upepo unataka mtu wa kuusoma.

MchoraRamani: Jumamosi kuna kazi gani?

MwanaFuoni: Kazi za kawaida tu.

MchoraRamani: Kazi za kawaida hazimkoseshi mtu usingizi, sheikh. Sema.

MwanaFuoni: Tunamwaga zege la slebu, yaani sakafu ya juu. Sentimita 15.

KibarazaMalindi: Na?

MwanaFuoni: Basi haya. Kuna nguzo msanifu kaiweka katikati ya sebule, yaani katikati kabisa, ukikaa kwenye sofa huoni tivii. Nani anaweka nguzo pale kama si kukomoana? Fundi kasema haina kazi. Tumeitoa. Nondo kazikata kwa grenda wiki iliyopita. Lakini kasema atazidisha nondo kwenye slebu, kwa hiyo sioni tatizo, nilichouliza mie ni habari ya malipo.

MchoraRamani: Subhanallah. Sebule ina ukubwa gani?

MwanaFuoni: Mita 7 kwa 6.

MchoraRamani: Sasa nisikilize. Sentimita 15 za zege juu ya mita 7 kwa 6 ni kama tani 15, hapo hujaweka kitanda, hujaweka watu, hujaweka tangi. Tangi la lita 2000 likijaa ni tani 2 nyingine. Sehemu kubwa ya mzigo ule ilikuwa inashuka kwenye nguzo ile na bimu zake, yaani mihimili, mpaka kwenye msingi. Ukizidisha nondo na unene ukabaki uleule slebu itabonyea tu, leo hutaona, ukishatoa mirunda utaanza kuona milango haifungi. Msanifu hakuiweka nguzo kwa roho mbaya, alitazama sebule kubwa unayoitaka, akatazama mfuko wako, akaipa mahali, halafu injinia akaipigia hesabu ya unene na nondo. Ungemwambia habari ya tivii angeizungushia kibaraza cha kukalia, au angeifanya mpaka wa sebule na sehemu ya kula, wageni wakaisifu wasijue kama imebeba nyumba. Kuna Mrumi mmoja, Vitruvius, zaidi ya miaka 2000 iliyopita aliandika jengo liwe imara, lifae na lipendeze. Fundi wako kakupa moja tu, ya tivii.

KibarazaMalindi: Mrumi kaingiaje Fuoni tena 😂

MwanaFuoni: Mbona nyumba za Mji Mkongwe zimesimama miaka mia na zaidi bila nondo wala msanifu? Na Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, je, ina ukumbi mpana vile?

KibarazaMalindi: Yakhe hapo umechokoza wenyeji. Mie nimezaliwa Malindi, chumba cha bibi kirefu kama treni lakini upana unanyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Unajua kwa nini? Boriti. Mti wa mkoko hauvuki zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba kikafuata mti. Wale wazee hawakuwa na karatasi lakini hesabu walikuwa nayo, na kuta zao za mawe na chokaa ni nene, mtoto analala kwenye dirisha. Na Beit al-Ajaib usiitaje kabisa. Imejengwa 1883, tarehe 25 Disemba 2020 upande wake umeshuka na watu wawili wamekufa.

Mdadisi_wa_Ngambo: Samahani nivuruge. Huu uzi wa kutunga. Mtu hajui msanifu ana kazi gani lakini anajua slebu sentimita 15? Na huyu MchoraRamani katokea upesi na hotuba tayari. Hawa ni mtu mmoja, kesho utaona namba ya simu, "karibuni ofisini".

MchoraRamani: Mie nipo Chake, Pemba, sina mteja hata mmoja Unguja.

Mdadisi_wa_Ngambo: Ndo unamtafuta wa kwanza. Aweke picha.

MwanaFuoni: Picha inagoma kupanda, mtandao wa huku unajua wenyewe.

Mdadisi_wa_Ngambo: 😂😂 Si nilisema.

BiMkubwaWete: Kama yake ya kutunga, choo changu si cha kutunga.

MwanaFuoni: Wallahi sitanii. Nondo zimebaki sakafuni usawa wa kifundo cha mguu, nne, zimeshaanza kutu, mwanangu kavalisha moja kopo la maziwa asijikwae. Na mkitaka kusema nimfukuze fundi, hamjui. Fundi ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu wa tumbo moja. Nikimwita msanifu mbele yake ni kumvua nguo, na chakula nyumbani napikiwa na dada yake.

KibarazaMalindi: Ahaa! Kumbe hukuja kuuliza msanifu, umekuja kuuliza ndoa.

Mdadisi_wa_Ngambo: Hii ya shemeji naiamini. Haitungiki.

MchoraRamani: Shemeji mwambie injinia ndo kakataa, lawama itue kwake. Jumamosi usimwage.

MwanaFuoni: Nimempigia msanifu sasa hivi. Atakuja kesho asubuhi na huyo injinia, ila nusu yake anaitaka mkononi. Na shemeji kesha shusha kokoto gari mbili.

BiMkubwaWete: Kokoto haziozi mwanangu.

MwanaFuoni: Na saruji? Mifuko 60 ipo chini ya turubai na mvua hizi.

MchoraRamani: Iinue juu ya mbao, isiguse chini wala ukuta. Leo, kabla ya magharibi.