Mjadala: Miaka miwili ya kukaa pamoja itoshe kuitwa ndoa?

Wakuu habari za jioni. Huku mtaani kila mtu anakwambia mkikaa miaka miwili sheria inawatambua, na watu wamejibweteka hapo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 160 inasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia mmeoana. Ni DHANA tu, na mwenzio anaruhusiwa kuipinga. Yaani mpaka muachane au mmoja afe ndo unaanza kutafuta mashahidi, mjumbe, mwenye nyumba, jirani aliyewaona mkienda msibani kwao, wakati mwenye cheti anatoa karatasi moja yameisha. Na kama jamaa ana ndoa ya kanisani kule kwao hiyo dhana haisimami. Mi nasema hicho kifungu kifutwe, watu wakaandikishe ndoa. Mnasemaje?

— Ukikifuta unamkomoa nani mkuu? Soma mpaka kifungu kidogo cha pili, hata dhana ikivunjwa bado mwanamke anaomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu zilezile za ndoa inapovunjika. Halafu tangu 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali. Sasa aliyepika na kufua miaka kumi unamwambia akaandikishe?

— Wakenya wameenda njia ya kati. Januari 2023 Mahakama ya Juu yao ilikuwa na watu waliokaa miaka 25, ikagoma kuiita ndoa kwa sababu mama alikuwa na mume mwingine, lakini nyumba yao ya Dagoretti ikagawanywa, mama asilimia 70, mzee 30. Na majaji wakasema wazi mtu asilazimishiwe ndoa asiyoitaka. Mi hiyo nimeielewa sana, mali kivyake ndoa kivyake.

— Nyie mnaongelea kuachana, tena mkiwa wote wazima. Jamaa akifariki je? Ndugu wanashuka na basi, kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa jina la mwanamke aliyeishi naye halimo, wanaenda nao mahakama ya mwanzo kumwombea kaka mtu usimamizi wa mirathi. Dada wa watu hajui hata kama tangazo limebandikwa, na pingamizi lina muda wake. Hapo hicho kifungu cha 160 atakitumia lini?