Tupeane uzoefu: alama za majaji kwenye mahakama ya mfano

Bint Kibokoni
Jana nilipita kwenye lile jengo la mahakama ya zamani karibu na Fort Jesus, lile la 1902, nikakuta vijana wanne kivulini wamevaa suti nyeusi na joto lote hili, mafaili kifuani, kila mmoja midomo yamcheza peke yake. Sikuuliza. Nilijua wana mahakama ya mfano, yale mashindano ya wanafunzi wa sheria kutetea kesi ya kubuni mbele ya majaji. Moyo ukanidunda kana kwamba ni mie naitwa.

Nimeshamaliza shule, nimeapishwa, kesi za kweli nasimamia, lakini kuna karatasi moja ya alama sijaisamehe. Ilikuwa nusu fainali. Tulisafiri na basi la usiku hadi Nairobi, tukafika alfajiri, tukabadilisha nguo chooni. Kesi ilikuwa ya watu waliofurushwa kwenye ardhi ya mababu zao, nami nilikuwa nimeibeba hukumu ya 2017 ya Waogiek, wale wenyeji wa msitu wa Mau, kutoka ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ya Arusha kama mtu abebavyo mtoto. Majaji wawili walinihoji vizuri. Wakaniuliza hukumu ya Arusha yaingiaje hapa kwetu, nikawapeleka Katiba, Kifungu cha 2(6), mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria ya Kenya. Wakaandika.

Jaji wa tatu aliingia nikiwa dakika ya nane. Akamuuliza mwenzake kwa sauti, "Huyu ni upande gani?" Kisha akaniuliza lile lile swali nililokwisha kulijibu. Nikalijibu upya, kwa heshima. Saa yangu ikaliwa, nikaonyeshwa kadi ya dakika moja na hoja yangu ya fidia sijaigusa.

Karatasi zilipotoka: 81, 79, 58. Tulitolewa kwa alama nne. Na pale chini kwenye nafasi ya maoni, yule wa 58 aliandika neno moja tu: lafudhi.

Nielezeni yaliyowapata nyie.

Mla Mbaazi
Hiyo 58 naijua. Si ya jaji huyo, ni ya mwengine, lakini naijua.

Mama Wawili Bamburi
Pole dadangu. "Huyu ni upande gani" imeniuma mpaka mfupa.

Tudor Nne
Bint, kosa la kwanza ni la jaji, la pili ni la hesabu. Inaonekana mashindano yenu yalijumlisha alama zote kapu moja. Ndiyo maana mtu mmoja akaweza kuwazamisha.

Tazameni. Tuseme timu mbili, majaji watatu. Jaji wa kwanza ampa A 150, B 148. Wa pili ampa A 152, B 151. Wa tatu kapendezwa na B, ampa 175, A ampa 140. Ukijumlisha, A ana 442 na B ana 474, B kashinda kwa mbali. Ukihesabu majaji, A kapata wawili kati ya watatu. Chumba ni kile kile, hotuba ni zile zile, mshindi tofauti.

Jessup, yale mashindano ya kimataifa ya mahakama ya mfano, ambayo ilianza 1960 na yaigiza Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hulinganisha karatasi ya kila jaji peke yake. Kila mzungumzaji hupewa kati ya 50 na 100, lakini jaji akishapendelea timu yako, awe amewazidishia alama 1 au 30, kura yake ni ile ile. Wazimu wa mtu mmoja hauvuki karatasi yake.

Mwana wa Likoni
Kaka hapo sikubali. Mie nilishindwa kwa njia hiyo hiyo unayoisifu. Majaji wawili walitupunguza kwa alama moja moja, wa tatu akatupandisha kwa ishirini. Huyo wa tatu ndiye wa pekee aliyekuwa amesoma kesi! Alituuliza maswali ya ndani kabisa. Elimu yake yote ikahesabiwa kura moja.

Tudor Nne
Na nani alithibitisha kuwa alisoma?

Mwana wa Likoni
Alitaja ukurasa. Aya. Wewe hukuwepo.

Tudor Nne
Sikuwepo, lakini kanuni haitungwi kwa ajili ya jaji mmoja mzuri.

Mla Mbaazi
Nyinyi wawili ni mawakili kweli. Hebu waacheni na wengine waseme.

Koti Jeusi
Nimesoma hapa tangu asubuhi nikiandika na kufuta. Mie nilikuwa upande wa pili wa meza.

Nilikuwa na miaka miwili tu tangu niapishwe. Nikapigiwa simu saa moja asubuhi, jaji mmoja kakosekana, njoo utusaidie. Maelezo ya majaji niliyapata mlangoni, kurasa kumi na kitu. Nilisoma mbili. Mzungumzaji wa kwanza alisimama, akanifurahisha, nikampa 85. Ndipo nikagundua sina kipimo. Wa pili alikuwa bora kuliko wa kwanza, sasa nimpe ngapi? Nikampa 87. Kufikia alasiri feni imezimika, nimechoka, kila aliyesimama nampa 70.

Raundi ya mwisho siku hiyo, robo fainali, nilikaa na wakili mkubwa, mtu niliyemheshimu mno. Timu zilikuwa namba tu, hakuna jina la chuo, lakini mwalimu wa timu moja alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa na wote tulimwona. Nilikuwa nimeshaandika 72. Mzee akaniinamia, akasema, "Hawa wapandishe kidogo, nawajua watokako." Nikakata 72, nikaandika 88. Kwa kalamu. Mkono wangu huu.

Timu ya upande wa pili ikatoka. Jioni nikaenda kungoja matatu Mwembe Tayari, nikamkuta kijana wao mmoja, koti mkononi, shati limelowa mgongoni. Akaniona. Akanyoosha mkono, akasema, "Asante mheshimiwa, leo nimejifunza mengi."

Nikamwambia karibu.

Mama Wawili Bamburi
Ya Rabi.

Bint Kibokoni
Nimeiweka simu chini, nimezunguka nyumba, nimerudi. Ulimtafuta?

Koti Jeusi
Jina sikulijua. Nilikuwa na namba ya timu tu, na ile karatasi niliirudisha kwa waandalizi siku hiyo hiyo.

Kijana wa Kisauni
Umekiri hapa, sawa, lakini kijana huyo kwenye barua zake za kazi haandiki "nilishinda". Anaandika "robo fainali". Hilo umemwachia maisha.

Mla Mbaazi
Mwache. Ni wangapi wamekata 72 na wakanyamaza?

Kijana wa Kisauni
Simwachi, shekhe. Nami nilikuwa nikivaa shati moja mashindano mazima.

Mwana wa Likoni
Tudor Nne, waona? Hapa hesabu yako ingesaidia nini? Kura ya mtu imenunuliwa kwa mnong'ono.

Tudor Nne
Kwa hilo nakubali. Majaji wasizungumze mpaka karatasi zimekusanywa. Walimu wakae nje.

Bi Makadara
Nafundisha vijana hawa, nisikieni. Walimu tukikaa nje, nani atamwambia mtoto alikosea wapi? Maoni ya majaji mara nyingi ni "vizuri, endelea". Afadhali karatasi iwe na visanduku: ujuzi wa sheria kando, matumizi ya ukweli wa kesi kando, kujibu maswali kando, mpangilio na muda kando. Jaji akitaka kuadhibu lafudhi akose pa kuiandika.

Kijana wa Kisauni
Kiswahili ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, kwa nini tusitetee kwa Kiswahili tu tuone nani ana lafudhi?

Tudor Nne
Hukumu karibu zote ziko kwa Kiingereza, utatafsiri mpaka lini?

Kijana wa Kisauni
Mpaka ziishe.

Mla Mbaazi
Kwa wanaoshiriki sasa: ukiulizwa, anza na "ndiyo" au "la", kisha ueleze. Jaji aliyechoka huandika alama kwa neno la kwanza.

Mwana wa Likoni
Usimsikilize. Jaji mtegaji atachukua "ndiyo" yako akufunge nayo. Anza na msingi wa sheria.

Mama Wawili Bamburi
Na mkipewa muda wa kumjibu mpinzani mwishoni, hoja mbili basi. Niliwahi kuleta saba, nikamaliza tatu, nikakaa nikilia.

Bi Makadara
Kesho saa kumi wanangu wana mazoezi hapa Tudor. Nahitaji watu watatu wa kukaa jopo. Nimempata mmoja.

Bint Kibokoni
Nihesabu mie.

Koti Jeusi
Bi Makadara, ukiniruhusu, nami nije. Nitumie kesi na maelezo ya majaji leo usiku.

Bi Makadara
Kurasa ni thelathini na moja.

Koti Jeusi
Zitume zote.