Nilitoa siri ya dada kwa kisingizio cha maombi. Nimwambie au ninyamaze?

Bado_Najifunza:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Dada mmoja tunayesali naye alinieleza kwamba ndoa yake inayumba, mume kahama chumba. Alilia sana. Nikamwahidi kumwombea. Jumatano kwenye kikundi cha maombi kiongozi akauliza nani ana hitaji, nikanyoosha mkono: "Tumkumbuke dada mmoja, ndoa yake iko vitani." Jina sikulitaja. Ila nikaongeza "yule mama pacha", ili watu waombe kwa uelewa. Ndiyo, najua. Mama pacha kanisani kwetu ni mmoja tu.

Habari imezunguka. Juzi wifi yake kamuuliza kama ni kweli ameachika. Hajui imeanzia wapi, na aliyemkimbilia kulalamika ni mimi! Nikamwambia "pole". Sasa nimwambie ukweli, au nitubu kwa Mungu yaishe?

Mzee_wa_Zamu:
Nyamaza. Mithali 17:28, hata mpumbavu akinyamaza huhesabiwa ana hekima. Ukimwambia utamtonesha kidonda, tena atakosa hata wa kumlilia.

Mama_Wawili:
Mzee wangu, kwa heshima zote, mstari huo ni wa mtu anayezuia kinywa kabla hakijaharibu, si wa anayejificha baada ya kuharibu. Mtoa mada, soma Mathayo 5:23-24. Ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, unaiacha sadaka pale pale, unakwenda kupatana kwanza. Na hiyo "pole" yako, samahani, ilikuwa kosa la pili.

Sina_Mbwembwe:
Umbea uliopiga magoti, huo. Kwani Mungu alihitaji kuambiwa habari za pacha ndipo amjue?

Kalamu_Butu:
Aende, ila aangalie saa. Kwenye 1 Samweli 25 Abigaili anarudi kutoka kumtuliza Daudi, anamkuta mumewe Nabali kwenye karamu, amelewa chakari. Hakumwambia neno, dogo wala kubwa, mpaka kulipokucha. Habari ilikuwa ile ile usiku na asubuhi. Aliyebadilika ni msikilizaji. Kwa hiyo si mbele ya watoto, si dakika tano kabla ya ibada, na tafadhali sana usimtumie ujumbe wa sauti.

Ukifika, sema ulichofanya na ulivyokisema, neno kwa neno. Usiseme "nilikuwa na nia njema lakini". Hiyo "lakini" itamlazimisha akufariji wewe. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba kimya, wakawa wafariji kweli. Walipoanza kujieleza ndipo walipoharibu.

Halafu kuna kikundi. Yakobo 3 anasema moto mdogo huwasha msitu mkubwa. Msitu mzima huuwezi, ila ulipowashia unapajua.

Mzee_wa_Zamu:
Mama Wawili, nimekuelewa. Nafuta neno langu.

Bado_Najifunza:
Nimerudi. Nilikwenda Jumamosi, tukakaa wawili tu, nikamwambia yote. "Lakini" ilinijia mdomoni kama mara tatu, nikaimeza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kitu kimoja: "Na habari ya chumba uliwaambia?" Nikasema hapana. Akasema basi niende, atanitafuta mwenyewe. Bado hajanitafuta.

Jumatano nataka kusimama kwenye kikundi nikiri kosa langu. Niseme vipi?

Sina_Mbwembwe:
Kwa maneno machache mno.

Mama_Wawili:
Yeye umemuuliza kama anataka lisemwe? Ukisimama kukiri, hata wasiojua watajua. Subiri akutafute, umuulize. Akikataa, Jumatano usinyooshe mkono.