pH ya shamba langu inasoma 57?? Msaada wa ramani za udongo

Ekari3_Njombe:
Wakuu habari zenu. Nina ekari 3 huku Njombe nataka kuweka parachichi, kuna jamaa kaniambia siku hizi hakuna kukisia, unaingia SoilGrids, ile ramani ya udongo ya dunia nzima, kwenye simu unaona udongo wako bure. Nimeingia nikabonyeza shambani kwangu, pH (kipimo cha tindikali ya udongo) 57. Hamsini na saba! Shuleni tuliambiwa mwisho 14. Nikabonyeza kwa jirani 57, ng'ambo ya barabara 57, wakati kule bondeni udongo ni mweusi tii na maji yanatuama. Ramani mbovu au ni mimi?

jembe_na_bando:
Hahaha mkuu wote tumepita hapo. Namba imezidishwa mara 10 ili wasiweke nukta, kwa hiyo yako ni 5.7, kwa parachichi sio mbaya. Mfinyanzi nao wanauandika kwa gramu kwenye kilo, ukiona 380 ujue ni asilimia 38. Hiyo ya jirani ni kwamba kiboksi kimoja pale ni mita 250 kwa 250, kama ekari 15 hivi, so wewe na jirani na barabara mmetiwa kapu moja. Jaribu iSDAsoil, ile ni ya Afrika tu, viboksi vya mita 30, ekari zako zinatoa kama 13.

dada_ramani:
Ila iSDA inaishia sentimita 50, SoilGrids inashuka mpaka mita 2, tumia zote maana parachichi maji yakisimama mizizi inaoza. Na ukiandika kodineti usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo maana tuko kusini ya ikweta, mimi niliisahau nikakaa jioni nzima nasoma udongo wa Ethiopia 😂

Ekari3_Njombe:
Asanteni. Viboksi vimetofautiana ila kidogo mno, bondeni na juu karibu sawa. Mimi sikubali.

mzee_wa_koleo:
Usikubali kijana wangu. Hamna mtu aliyechimba shambani kwako, kompyuta imejifunza kwa mashimo yaliyochimbwa kwingine ikachanganya na picha za setilaiti, mvua na mwinuko, ikakisia. Ramani ikuonyeshe pa kuanzia tu. Chimba bondeni mita moja uone. Halafu chukua udongo sehemu 10 au 15 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, bonde na juu usivichanganye, nusu kilo kila kimoja peleka maabara, SUA (chuo kikuu cha kilimo Morogoro) wanapima na TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga) pia. Chokaa ya kupunguza tindikali usinunue kwa kuangalia simu.

Ekari3_Njombe:
Mrejesho wakuu. Jana nimechimba, sijafika hata kiunoni maji yakaja yenyewe. Miche yote inaenda juu, bondeni vibaki vinyungu (bustani za bondeni) kama alivyoviacha babu. Sampuli ya juu naituma Jumatatu.